Safari ya Kuona Misekoya: Historia ya Kubeba Njiani



Ndugu zetu wawili tuliokuwa nao hapa Dzaleka walipata makazi mapya Marekani, na sasa wanaishi Sacramento, mji mkuu wa jimbo la California. Wanapanga safari ya siku moja kwa gari, kwenda na kurudi, kuona ile miti ya pwani ambayo ni mirefu kuliko miti yote duniani. Wametuuliza: nyinyi watu wa historia, tupitie wapi, na njiani tujue nini? Tulikaa, tukasoma, tukabishana, mwisho tukaona jibu lisiwe la wao wawili tu. Liwe letu wote.

Mtu anaweza kusema kwamba kupanga safari ya California ukiwa kambini ni kujifurahisha tu. Sawa, kujifurahisha nako si dhambi. Lakini mtaona mbele kwamba ile barabara inapita katikati ya mambo yetu wenyewe: kambi, vibali, sheria za wageni, na huo Umoja wa Mataifa ambao nembo yake tunaiona kila siku kwenye magari na maturubai. Kumbe sehemu moja ya hadithi yake ilipita chini ya miti hiyo hiyo.

Ni mti gani huo?

Sisi tumeamua kuuita msekoya wa pwani. Kwa Kiingereza jina lake maana yake ni mti mwekundu, juu ya rangi ya mbao zake. Unaota wenyewe kwenye ukanda mwembamba tu wa pwani ya bahari ya Pasifiki, karibu kilomita 720 kwa urefu, kuanzia kusini ya Monterey mpaka unapoingia kidogo jimbo la Oregon. Ukienda mbali na bahari, unauacha. Sababu ni ukungu. Kiangazi mvua karibu hainyeshi kule, lakini ukungu wa baharini unaingia mabondeni, unashika kwenye majani na kudondoka chini kama mvua. Watafiti waliopima wamekuta kwamba karibu theluthi moja ya maji yanayoingia kwenye msitu huo kwa mwaka yanatoka kwenye ukungu.

Msekoya mrefu kuliko yote unaitwa Hyperion. Ulipatikana mwaka 2006 kaskazini ya California, na una karibu mita 116. Uwanja wa mpira wa kawaida una mita 105. Maana yake ukiulaza mti ule uwanjani, unapita goli zote mbili na bado kipande kinabaki nje. Msiupange kwenye safari yenu lakini. Watu walikanyaga sana mizizi yake, mpaka mwaka 2022 hifadhi ikafunga eneo lile, na anayeingia anaweza kupigwa faini mpaka dola 5,000.

Gome la msekoya linaweza kufika unene wa sentimita 30, kwa hiyo moto wa kawaida hauumalizi. Na ukikatwa, haufi kirahisi. Machipukizi yanatoka kwenye kisiki, yanakua yakizunguka pale mama alipokuwa amesimama. Mingine imefikisha miaka zaidi ya 2,000. Kwa sisi tunaoongea Kiswahili, hesabu rahisi ni hii: msekoya wenye miaka 800 leo ulikuwa umeshafikisha karibu miaka mia moja Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331.

Angalizo dogo: iko sekoya nyingine ya milimani, mbali na bahari, ambayo ni nene kuliko hii lakini si ndefu kama hii. Watu wanazichanganya. Nyinyi mnaenda pwani.

Kituo cha kwanza: hapo hapo Sacramento

Kabla ya kuwasha gari, mjue mnapoishi. Katikati ya Sacramento kuna ngome ya zamani ya mtu anayeitwa John Sutter, mhamiaji kutoka upande wa Uswisi, aliyefika pale mwaka 1839. California ilikuwa bado chini ya Mexico. Sutter alipewa ardhi kubwa, na kazi ya mashamba yake ilifanywa na wenyeji wa pale, wengi wao kwa kulazimishwa.

Sutter alihitaji mbao. Akatuma watu wajenge kiwanda cha kupasua magogo mtoni, mahali panapoitwa Coloma. Tarehe 24 Januari 1848, kwenye mfereji wa kiwanda kile, wakaona dhahabu. Habari ikatoka. Mwaka uliofuata dunia nzima ilikuwa inakimbilia California kwa meli na kwa mikokoteni: Wamarekani, Wachina, Wachile, Wafaransa, kila mtu na ndoto yake.

Kwa wenyeji ilikuwa msiba. Mwaka 1850 jimbo jipya la California lilitunga sheria ambayo kwa jina ilikuwa ya kuwalinda wenyeji, lakini kwa kazi iliruhusu washikwe na kutumikishwa, hata watoto. Vikundi vya wanamgambo vilikwenda kuua watu vijijini, na serikali ikalipa gharama. Wanahistoria wanakadiria kwamba wenyeji wa California walikuwa karibu 150,000 kabla ya dhahabu, na kufika miaka ya 1870 walibaki karibu 30,000. Magonjwa yaliua, njaa iliua, na bunduki pia iliua. Mwaka 2019 gavana wa California, Gavin Newsom, aliomba msamaha kwa niaba ya jimbo na akasema wazi kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari.

Sisi tunaotoka Maziwa Makuu tunalijua neno hilo. Tunajua pia kwamba kati ya kitendo na siku ya kukitaja kwa jina lake, miaka mingi inaweza kupita. Pale ilipita zaidi ya 140.

Kituo cha pili: San Francisco, mji uliojengwa kwa mbao

Kutoka Sacramento mpaka San Francisco ni karibu kilomita 140. Mtaingia mjini kwa daraja refu la kutoka Oakland.

San Francisco ilikuwa kijiji. Dhahabu ikaifanya mji ndani ya muda mfupi, na mji unahitaji nyumba, nyumba zinahitaji mbao, na mbao zilikuwa zimesimama hapo jirani kwenye mabonde ya misekoya. Mji uliungua mara kwa mara na kila mara ukajengwa tena. Tarehe 18 Aprili 1906 tetemeko kubwa likaupiga, moto ukafuata, na magogo yakaitwa tena.

Mwanzo watu walikata kwa shoka na msumeno wa mkono, wakavuta magogo kwa ng'ombe. Mti mmoja ungeweza kuchukua siku nyingi. Mwaka 1881 John Dolbeer, mfanyabiashara wa mbao wa Eureka, alitengeneza mashine ya mvuke ya kuvuta magogo kwa kamba. Zikaja pia reli za kampuni. Kabla ya 1850 kulikuwa na karibu ekari milioni 2 za msitu wa zamani wa misekoya. Leo msitu ule ambao haujawahi kukatwa umebaki karibu asilimia 5.

Hapa tusimame kidogo. Sisi kambini tukisikia habari za miti, mara nyingi ni kwenye mkutano wa kuni: wakimbizi wanamaliza miti. Ni kweli kuni zinakatwa, na wenyeji wetu wana haki ya kulalamika, hatukatai. Lakini msitu wa California haukumalizwa na mama anayetafuta kuni za kupikia ugali. Ulimalizwa na mitaji, mashine, reli na hati za umiliki zilizopatikana kisheria. Wafanyakazi wa misaada mnaotusoma, tunaomba jambo hili liingie kwenye mafunzo ya mazingira.

Mkiwa San Francisco, mwende barabara ya Van Ness. Kuna majengo mawili makubwa yamesimama jirani: jumba la opera na jengo la wapiganaji wa zamani. Ndani ya hayo majengo, kuanzia 25 Aprili mpaka 26 Juni 1945, nchi 50 zilikaa kuandika na kutia sahihi Hati ya Umoja wa Mataifa. Afrika yote ilikuwa na nchi nne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini. Kongo haikuwa na kiti, Ubelgiji ndio ulikuwa umekaa pale. Burundi na Rwanda zilikuwa chini ya Ubelgiji huo huo. Malawi ilikuwa inaitwa Nyasaland na ilikuwa ya Mwingereza. Babu zetu hawakuulizwa. Tukisema dunia nzima ilikutana San Francisco, tukumbuke ni dunia ipi.

Kituo cha tatu: daraja, na watu waliopenda miti

Kutoka hapo mnaelekea kaskazini, mnavuka daraja la Golden Gate. Lilifunguliwa Mei 1937 na lina karibu kilomita 2.7. Mkilikuta limefunikwa na ukungu, msinung'unike kwamba picha zimeharibika. Ukungu huo huo ndio chakula cha miti mnayoifuata.

Mkiwa darajani, anayekaa kando ya dereva asome sehemu hii kwa sauti, maana ndiyo ilitupa ubishi mkubwa sisi hapa.

Msitu mnaokwenda unaitwa Muir Woods. Uko kwenye bonde ambalo wakataji waliliacha kwa sababu lilikuwa gumu kufikika. Kabla ya yote, ardhi ile ni ya Wamiwok wa pwani. Wahispania waliwatoa kwenye vijiji vyao na kuwaingiza kwenye misheni, kwanza ile ya San Francisco iliyoanzishwa 1776, baadaye ya San Rafael iliyoanzishwa 1817. Wengi walifia huko. Ile habari inayosema bonde lilikuwa tupu, haina mtu, msiikubali. Bonde lilikuwa limeondolewa watu.

Mwaka 1904 chama cha wanawake wa San Francisco kilianza kampeni ya kuliokoa bonde lisikatwe. Mwaka 1905 William Kent na mkewe Elizabeth wakalinunua, ekari 611 kwa dola 45,000. Mwaka 1907 kampuni ya maji ikaenda mahakamani ikitaka kuchukua bonde kwa nguvu ya sheria, iweke bwawa. Kent akafanya jambo la akili: akaipa serikali kuu ekari 295 za msitu ule bure. Tarehe 9 Januari 1908 Rais Theodore Roosevelt akatangaza kwamba ni eneo la kumbukumbu la taifa, na kwa ombi la Kent likapewa jina la John Muir, mwandishi aliyetetea misitu. Kampuni ikashindwa. Karatasi moja yenye sahihi ilizuia bwawa.

Ni hadithi nzuri. Sasa upande wa pili. Kent huyo huyo aliingia bungeni, akasaidia kuanzisha idara ya hifadhi za taifa mwaka 1916, na pia alikuwa mpinzani wa wazi wa wahamiaji kutoka Asia. Miti aliitaka ibaki, watu aliwataka warudi.

Hakuwa peke yake. Mwaka 1918 kilianzishwa chama cha kuokoa misekoya ambacho mpaka leo kimelinda misitu mingi sana. Mmoja wa waanzilishi wake ni Madison Grant. Miaka miwili kabla alikuwa ametoa kitabu cha kusema kwamba watu weupe wa kaskazini ya Ulaya ni bora kuliko wengine na kwamba wageni wanawachafua. Mawazo ya namna hiyo yaliingia kwenye sheria ya uhamiaji ya 1924, iliyopanga mafungu ya kuingia Marekani kufuatana na mtu ametoka nchi gani. Sheria hiyo ilikaa mpaka 1965.

Na hata kabla yao, mji wa Eureka, kaskazini kabisa kwenye moyo wa misekoya, ulifanya jambo ambalo wengi wetu tutalitambua. Februari 1885 mjumbe mmoja wa baraza la mji alipigwa risasi bila kukusudiwa, katika ugomvi wa Wachina wawili. Usiku ule ule umati ukakusanyika, na kesho yake Wachina wa mji, karibu 300, wakapandishwa meli na kupelekwa San Francisco. Kosa la wawili, adhabu ya wote.

Ubishi wetu ulikuwa hapa. Wengine wakasema: kama waliookoa miti walikuwa hivyo, kwa nini ndugu zetu waende kuishangilia? Wengine wakasema: mti hauna kosa. Mwishowe wengi tulikubaliana hivi. Mti hauna kosa kweli, lakini hadithi ya mti ina wenyewe, na anayekwenda kuuona lazima asikie yote. Anayesikia ya Kent mwokozi tu amedanganywa nusu. Anayesikia ya Kent mbaguzi tu amedanganywa nusu nyingine, maana bila Kent leo pale pangekuwa na bwawa.

Kituo cha nne: chini ya misekoya, 19 Mei 1945

Muir Woods iko karibu kilomita 19 kaskazini ya San Francisco. Msekoya mrefu kuliko yote pale una kama mita 79, na mingi ina miaka kati ya 500 na 800. Njia kuu ni tambarare, ina sehemu za mbao, hata mzee au mtoto anapita. Mkitembea kama nusu saa hivi, mtafika penye miti mikubwa zaidi, mahali panapoitwa Cathedral Grove. Hapo kuna kibao. Simameni.

Rais Franklin Roosevelt ndiye aliyeita ule mkutano wa San Francisco. Lakini alifariki tarehe 12 Aprili 1945, siku 13 kabla haujafunguliwa. Tarehe 19 Mei wajumbe karibu 500 waliacha makaratasi yao mjini, wakapanda magari wakavuka daraja, njia ile ile mliyopita nyinyi, wakaja kusimama pale kumkumbuka. Ujerumani ilikuwa imesalimu amri siku chache tu nyuma. Vita na Japani bado vilikuwa vinaendelea. Walioleta wazo la kuwapeleka wajumbe msituni walitaka wasimame mbele ya kitu kilichodumu kuliko vita vyote walivyovijua, kabla hawajarudi kumaliza kuandika.

Sisi tunapapenda mahali hapo kwa sababu ya kilichofuata. Hati ilitiwa sahihi mwezi uliofuata. Kutoka kwenye Umoja huo likatoka Tangazo la Haki za Binadamu la 1948, likatoka shirika la wakimbizi lililoundwa tarehe 14 Desemba 1950, tena kwa muda wa miaka mitatu tu, eti kazi itakuwa imekwisha. Likatoka azimio la kufanya mkutano wa Geneva, na tarehe 28 Julai 1951 Mkataba wa Wakimbizi ukapitishwa. Mwanzo ulihusu matukio ya kabla ya 1951, na nchi iliweza kuufunga kwa wakimbizi wa Ulaya tu. Itifaki ya 1967 ndiyo iliondoa mpaka huo wa tarehe na kuufungua mlango kwa watu kama wazazi wetu.

Lakini kibaoni kuna jambo ambalo halikuandikwa. Roosevelt aliyekuwa analiliwa pale ndiye aliyetia sahihi, tarehe 19 Februari 1942, amri iliyofanya watu karibu 120,000 wenye asili ya Japani watolewe kwenye nyumba zao na kuwekwa makambini. Wengi wao walikuwa raia, wamezaliwa Marekani. Yalikuwa makambi kumi, yenye uzio na walinzi. Siku ile wajumbe wamesimama chini ya misekoya wakizungumza habari ya amani, kambi ya Tule Lake, kaskazini ya California hiyo hiyo, bado ilikuwa imejaa watu. Ilifungwa Machi 1946.

Kwa hiyo siku moja, jimbo moja: wajumbe wa dunia wako msituni, na watoto wa watu wengine wako ndani ya uzio. Sisi hatushangai sana. Tunajua kwamba ahadi na uzio vinaweza kukaa pamoja muda mrefu.

Karatasi inaweza kurekebishwa

Sasa mtauliza, basi faida ya hayo yote ni nini? Tulichokiona kwenye kila kituo ni karatasi. Sheria ya 1850 iliwafanya watu watumwa. Tangazo la 1908 lilizuia bwawa. Sheria ya 1924 ilifunga mlango. Amri ya 1942 ilijaza makambi. Mkataba wa 1951 ulitufungulia. Kila karatasi iliandikwa na mkono wa mtu, na mkono wa mtu unaweza kuandika upya.

Na imetokea. Sheria ya 1924 iliondolewa 1965. Wajapani-Wamarekani walidai miaka mingi, na mwaka 1988 sheria ikapita ya kuwaomba msamaha na kumlipa kila aliyekuwa bado hai dola 20,000. Wamiwok wa pwani walikuwa wamefutwa kwenye orodha ya makabila yanayotambuliwa na serikali kuu, wakapigania, wakarudishwa mwaka 2000. Chama kile cha kuokoa misekoya, chenye Grant kwenye historia yake, kilikiri hadharani ubaguzi wa waanzilishi wake, na mwaka 2022 kikakabidhi ekari 523 za msitu wa misekoya kwa baraza la makabila ya wenyeji wa eneo la Sinkyone. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuja lenyewe. Kila mahali kulikuwa na watu waliosumbua, wakaandika, wakaenda mahakamani, wakarudi tena.

Turudi kwetu. Ibara ya 26 ya Mkataba wa Wakimbizi inahusu kuchagua mahali pa kukaa na kutembea kwa uhuru ndani ya nchi iliyokupokea. Malawi iliingia kwenye mkataba Desemba 1987, na ikaweka masharti kwenye ibara tisa. Kwenye hiyo ya 26 ilijiwekea haki ya kupanga wakimbizi wakae wapi na kuwawekea mipaka ya kutembea inapoona usalama au utulivu wa nchi unahitaji hivyo. Ndiyo maana tuko kambini, na ndiyo maana safari yetu ya siku moja inaanza na kibali. Hatusemi hivi kwa kuikosea shukrani nchi iliyotupokea tangu 1994 kambi hii ilipofunguliwa. Tunasema ili kila kijana hapa ajue kwamba kibali anachoomba hakikutoka mbinguni. Kina tarehe, kina ibara, na kina historia. Ukijua kitu kimeandikwa wapi, unajua pia mazungumzo yaanzie wapi.

Kwa ndugu zetu wasafiri: mambo ya kupanga

Haya sasa, ya mkononi.

Lazima muweke nafasi ya kuegesha gari kabla ya kwenda. Tangu 2018 hakuna kuegesha Muir Woods bila kuweka nafasi mapema kwenye intaneti. Kuna pia basi la kupeleka watu, nalo linahitaji kuwekewa nafasi. Angalieni ada ya kuingia siku hiyo hiyo mnapoweka nafasi.

Kule bondeni simu haishiki mtandao. Ramani, tiketi na maandishi haya myahifadhi kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani, au mchapishe.

Madaraja yanalipiwa. Kuingia San Francisco kutoka Oakland mtalipa. Kuvuka Golden Gate kwenda kaskazini hamlipi, wanaolipa ni wanaorudi mjini. Kwa hiyo kurudi msipite tena San Francisco, pitieni daraja la Richmond, ambalo upande huo hamlipi. Mtalipa tu kwenye daraja la Carquinez mkielekea Sacramento. Hakuna mtu wa kupokea pesa dirishani. Kamera inapiga picha namba ya gari na bili inafuata, msiipuuze.

Mbebe koti hata kama Sacramento ni joto kali. Msitu ni baridi na unyevu mwaka mzima. Mtoke asubuhi mapema, na muwe msituni kabla ya jua kuanza kushuka.

Msitoke kwenye njia. Mizizi ya msekoya haiendi chini sana, inatambaa na kushikana na ya jirani, na miguu ya watu inaiumiza.

Na mfikapo kwenye kile kibao, msipige picha tu mkaondoka. Kaeni dakika chache. Mmoja asome kilichoandikwa, mwingine aseme ambacho hakikuandikwa: Wamiwok, Wachina wa Eureka, watoto wa Tule Lake, na nchi zetu ambazo hazikuwa na kiti. Rekodini sauti mtutumie. Jumamosi inayofuata tutaisikiliza hapa pamoja, halafu tutasoma Ibara ya 26 neno kwa neno, na kila mwenye swali alete.

Safari njema, ndugu zetu. Dereva asisinzie.